Mushonaji Mwenye Hana Mulandu

Mwaka ya nzige, nilikuwa ningali mutoto, tulikuwa tunaikala kule juu, upande ya Mitwaba, na kazi yangu mu nyumba ilikuwa kuita mbuzi. Si kuchunga. Kuchunga ilikuwa kazi ya yaya yangu, mukubwa wangu wa kuzaliwa, mwenye alikuwa na miguu mirefu. Miye nilikuwa na sauti. Mangaribi napanda ku kichuguu, naweka mikono ku kinywa, naita, na mbuzi za ng'ambo ya bonde zinainua vichwa zinakuya. Hata mbuzi za bantu bengine zilikuwa zinakuya, na mama alikuwa anagombana na majirani juu ya ile sauti yangu.

Siku nzige zilifika, jua ilikuwa sawa iko nyuma ya blangeti. Niliita mbuzi, hazikusikia, juu nzige zilikuwa zinakula na kelele kama mvua ku mabati. Nikaita mpaka sauti ikakatika, ikakuya mbuzi moja tu, ile ya kipofu, mwenye hakuwa ameona kama kuna kitu kimebadilika. Kisha tulikula nzige siku mingi, za kukaanga na chumvi. Ni tamu, lakini miguu yake inabakiaka mu meno. Padri wa misioni alituambia ni azabu ya Mungu, naye alikuwa anakula, nilimuona na macho yangu, alikuwa anatosha mabawa kwanza, anayangoa moja moja.

Naandika ya mbuzi juu sauti ile ndiyo ilinipeleka mahali nataka kufika. Nilipokomaa nilifuata mujomba yangu mwenye alikuwa anafanya kazi ku reli, nikakuya Lubumbashi. Bazungu balikuwa banasema Elisabethville, siye tulisema Lubumbashi kama baliotutangulia. Masomo nilikuwa nayo kiloko: naweza kuandika jina yangu, naweza kusoma pole pole na kidole. Nilifanya matofali, nikaacha. Nikauzisha makala ya kupikia, nazunguka nayo mu njia za sité, mutaa ya bantu beusi, napiga kelele. Siku ya Mungu moja, siku ya misa, asubui napita karibu ya nyumba moja ya matofali, mulango inafunguka, anatoka muzee na pijama.

"Weye," anasema, "unataka kuamsha bafu mu makaburi?"

"Nauzisha makala, baba."

"Kesho kuya ku tribinale. Kule bantu bakiitwa hawasikiake."

Yule muzee alikuwa zuzi mukubwa, ni kusema hakimu, wa tribinale ya sité. Ndivyo nilipata kazi ya planto. Kazi ya planto ilikuwa kufungua mulango, kuita bantu benye mulandu, benye kesi, kunyamazisha benye hawana, na kufunga mulango. Suruali kaki, kofia, na filimbi yenye sikuitumia hata siku moja.

Tribinale yetu ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, na meza moja ya bazuzi, na mabenchi ya bantu, banaume huku, banamuke kule. Bazuzi balikuwa batatu, bazee ba sité bote, na karani mwenye alikuwa anaandika hukumu mu Kifaransa juu Bwana wa sité, yule muzungu wa serikali, apate kusoma. Mulandu ya sité, munaijua: muke amekimbia, mume amepiga, bata imeingia mu shamba ya muntu, muntu ametukana mukwe wake ku kilio. Mambo ya damu na mambo ya bazungu yalikuwa yanaenda ku tribinale ingine, kule mu muji ya bazungu, yenye ngazi na vioo. Kule siye tulikuwa tunaingia tu na pingu ama na ufagio.

Zuzi mukubwa alikuwa na desturi moja ametoka nayo ku mugini ya babu zake. Mbele ya kufunga kikao, anaweka tumbako chini, anauliza: "Nani angali na neno mu tumbo?" Anangoja. Anazungusha macho benchi kwa benchi. Kama umenyamaza ile saa, usikuye kesho kusema hukusikilizwa. Na kama uko na neno, hata kama mulandu si yako, unasimama unasema, karani anaandika. Siku moja mama moja alisimama akasema mabati inavuja tu juu ya benchi ya banamuke. Ikaandikwa. Bwana wa sité akaisoma, akatuma muntu na lami. Kwa hivyo bantu balikuwa banapenda ile saa kupita mulandu yenyewe.

Sasa, ndipo akakuya mwandikaji wa gazeti.

Alikuwa kijana, shingo nyembamba, tai kila siku, viatu vya kuona uso wako ndani. Alikuwa ametoka ku seminari, karibu awe padri, kisha akaona ukweli wa mwili wake akaacha. Ni yeye mwenyewe aliniambia hivyo. Bapadri hawakumukasirikia, balimupa kazi mu gazeti yao ya Kiswahili. Alikuwa muntu mweusi wa kwanza tuliona anaingia mu tribinale, si karani, anakaa, anatosha karatasi, anaandika. Siku ile kulikuwa mulandu ya mwanaume mwenye alipiga bibi yake, na kikao ikafika ku mwisho. Zuzi mukubwa akaweka tumbako chini, akauliza neno yake, macho ikasimama kwa yule kijana.

"Weye wa tai. Uko upande ya nani?"

"Siko upande ya muntu, Baba Zuzi."

"Uko shahidi?"

"Hapana, baba."

"Mukwe ya huyu mwanaume?"

"Hapana."

"Basi unaandika nini ya bantu benye hamukuzaliwa pamoja?"

"Naandika ya gazeti. Bantu basome."

Zuzi wa pili alikuwa kiziwi ya sikio moja. Akainamia mwenzake: "Anasema nini?"

"Anasema yeye ni gazeti."

"Basi gazeti iseme neno yake," akasema zuzi mukubwa. "Hapa muntu hasikilizake mulandu ya bengine asubui muzima kisha anarudi ku nyumba na mudomo kavu."

"Sheria yetu inanikataza, baba. Nikisema ya upande moja, sitaweza tena kuandika ya pande mbili."

Zuzi mukubwa akamuangalia murefu. "Ni sheria gani hiyo," anasema, "ya kufunga muntu mudomo na kumuachia mikono?"

Karani akatumwa kwa Bwana wa sité kuuliza. Akarudi na jibu. Tribinale ni ya bantu bote, mulango iko wazi, mwenye anaweza kusikiliza anaweza kuandika, asilazimishwe kusema. Lakini kama mulandu ni ya haya, ya aibu, ama ya batoto, zuzi anaweza kuamuru mulango ifungwe, na mwandikaji anatoka inje kama bantu bote, na yenye imesemwa ndani asiiandike.

"Kwa hivyo miye ndiye naweza kumutosha inje?" akauliza zuzi mukubwa.

"Ndiyo, baba."

"Basi abakie."

Ile wiki zuzi mukubwa alifunga mulango kila siku. Miye ndiye nilikuwa nafunga, najua. Alifunga hata juu ya mulandu ya bata. Yule kijana anachukua karatasi yake, anainama kiloko, anatoka, anasimama ku jua na tai yake. Kisha Bwana wa sité akatuma neno kama bata haina haya, na mulango ikabakia wazi. Miye naona zuzi alikuwa anataka tu kupima kama yule kijana atatii. Alipoona anatii, alimupenda, na akaamuru benchi yake ifutwe vumbi. Kufuta ilikuwa kazi yangu pia.

Kijana mwenyewe alipanga chumba mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Bibi yangu, muke wangu, alikuwa anamupikia, juu seminari haikumufundisha kusonga bukari ya unga. Bukari yake ungeweza kuikunywa. Mangaribi tunakaa inje tunakunywa munkoyo ya mahindi, anatueleza sheria ya kazi yake, na bibi yangu anamuchokoza.

"Sasa mulango ikifungwa, na weye uko na sikio pa dirisha?"

"Hata pa dirisha, mama. Nimekatazwa."

"Aa, miye ningekufa."

Aliniambia mingi, nimeshika yenye nilipenda. Usiandike "mwizi" mbele ya hukumu, andika "banasema ameiba". Usiandike neno ya muke ukaacha neno ya mume. Kama unaandika ya kikao, andika sawa ilivyosemwa, usikate pale panakuchoma. Muntu mwenye gazeti imemugusa ana haki ya kujibu mu gazeti ileile, mahali palepale, bila kulipa. Na jina ya mushitakiwa usiiweke mbele zuzi hajahukumu. Hii ya mwisho ilikuwa sheria ya padri mukubwa wa gazeti, na hakuna muntu alikuwa anaivunja.

Ile sheria ya jina ndiyo ilileta matata.

Ku soko ya sité, kulikuwa na maduka ya Bagreki, bazungu ba Ugiriki, na ku barza ya kila duka mushonaji na mashine yake ya kukanyaga. Unanunua kitambaa ndani, unatoka, unapimwa inje. Mushonaji moja wa pale aliletwa ku tribinale juu alikuwa ameahidi ndoa mu nyumba mbili. Mu nyumba zote mbili anakula kuku ya siku ya Mungu, huku muchana, kule mangaribi, na tumbo haikumushitaki. Baba ba nyumba zile mbili balikutana ku kilio ya muntu mwingine, kila moja anajisifu mukwe wake, namna anavaa, namna anaheshimu, mpaka bakaona banasifu muntu moja. Balitoka ku kilio palepale, bakakuya kwa karani bameshikana mikono. Mushonaji akaomba mujomba wake wa Kasomeno akuye kumusemea. Bazuzi bakakubali, mulandu ikangojea mujomba.

Mwandikaji akaandika vizuri, sawa sheria inasema. Jina hakuweka. Aliandika: mushonaji moja wa ku barza ya Mugreki, karibu na soko, mwenye anapendaka kuimba akishona, anashitakiwa kama ameahidi nyumba mbili. Aliona amemuficha kabisa. Kwa bapadri, muntu bila jina ni muntu amefichwa. Lakini mu sité yetu, nani alikuwa anatumia jina? Kuna bantu nimekunywa nao miaka na miaka, nimezika bazazi babo, na jina yabo sijui mpaka leo. Yule wa baisikeli ya bluu. Mama wa maandazi mwenye kucheka. Ungeweka jina ya mushonaji, bantu bangeuliza, "Ni nani huyu?" Ukaweka "mwenye anaimba", hakuna wa kuuliza.

Na Bagreki balikuwa bawili karibu na soko, na bashonaji ba kuimba balikuwa bawili. Bote balijifunza ku kwaya ya parokia. Wa mulandu alikuwa na sauti ya chini chini, ya kujifurahisha. Mwingine ndiye sité muzima ilikuwa inamujua, alikuwa anaimba Kilatini ya misa mpaka Mugreki wake anasimamisha kupima kitambaa. Ni habari yake nataka kuwaambia. Alikuwa hajaahidi nyumba mbili. Alikuwa ameahidi nyumba moja, kwa muzee moja wa reli mwenye amestaafu, na alikuwa anapenda binti ya ule muzee mpaka alimushonea robe, gauni, bila kumupima, kwa macho tu, na ikaenea.

Gazeti ikatoka. Yule binti alikuwa amesoma kwa bamasista, ndiye alikuwa anasomea baba yake gazeti. Akasoma mpaka pale.

"Rudia pale pa kuimba," akasema muzee.

Akarudia.

"Kunja."

Siku ya Mungu mushonaji akakuya na kofia yake mupya, akakuta mulango ya lupango imefungwa na waya. Hakujua sababu, hakuwa amesoma. Alizani hawamusikii. Basi, akasimama inje akaanza kuimba, walau bafahamu ni yeye.

Jirani akamusomea kisha. Akakuya kwetu mbio, kofia mu mukono.

"Ndugu," anamwambia mwandikaji, "umeniua na haukuandika hata jina yangu."

"Si weye nimeandika, ni yule mwingine."

"Andika basi kama ni mwingine."

"Siwezi kumutaja mbele ya hukumu."

"Andika kama si miye."

Balienda pamoja kwa padri wa gazeti. Balirudi, mushonaji amevimba kama andazi. Padri alimujibu kwa upole sana. Gazeti haiandikake kama muntu fulani hakufanya kitu, juu benye hawakuwa banamuwazia bataanza kumuwazia. Na haki ya kujibu ni ya muntu mwenye gazeti imemusema, na gazeti ilimusema mwingine.

"Kwa hiyo," mushonaji anauliza, "yule mwenye kula kuku mbili ana haki ya kujibu, na miye mwenye kula moja sina?"

"Ndivyo sheria ilivyo," mwandikaji anasema, anaangalia viatu vyake.

"Aende kula kuku ya tatu basi, apewe gazeti muzima."

Bibi yangu alicheka mpaka munkoyo ikamutoka mu pua. Lakini mambo haikuwa ya kucheka kwa mushonaji. Muzee wa reli alikuwa amesema wazi: siku ya sikukuu ya parokia atakaribisha mushofere moja wa kamyo, mwenye alikuwa amezunguka ile nyumba tangu zamani juu ya binti. Na mujomba wa Kasomeno alikuwa hajaonekana. Banasema maji ilikuwa imekula njia. Kama hukumu haitoke mbele ya sikukuu, jina ya mukosefu haitoke, na mushonaji wetu anapoteza bibi.

Mwandikaji alihangaika. Hakutaka kutia mukono mu mulandu yenye anaandika, ilikuwa mwiko kwake kama nyama siku ya tano, siku Yesu alikufa. Mangaribi moja, mushonaji ameketi nasi, kijana akamugeuzia mugongo, akaanza kuongea na bibi yangu.

"Mama, nakufundisha sheria, si kitu ingine. Muntu akisema kitu mu kikao, mulango ikiwa wazi, miye naweza kuiandika na jina yake, kama si yeye mushitakiwa. Hata neno ya mwisho, ile ya mu tumbo. Nayo ni ya kikao."

"Mbona unaniambia miye? Miye niko na neno gani mu tumbo?"

"Nakufundisha tu."

Mushonaji akasimama, akavaa kofia. "Mama, asante kwa mafundisho," akasema, akaenda.

Ilibakia kuleta muzee wa reli asikie na masikio yake. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Bibi yangu alimwambia dada ya ule muzee, pale ku bomba ya maji, kama mushonaji wa kuimba atasimama mu tribinale siku fulani. Hakudanganya. Siku ile muzee alifika mbele yangu, ningali sijafungua, na nyumba yake yote nyuma, na binti mu robe ile ya kuenea. Bakashika benchi ya mbele.

Kwanza kulikuwa mulandu ya mufereji, majirani bawili, ndefu kama mufereji yenyewe. Kisha zuzi mukubwa akaweka tumbako chini.

"Nani angali na neno mu tumbo?"

Mushonaji akasimama. Akasema jina yake, ya baba yake, na barza yake.

"Uko na mulandu hapa?" zuzi anauliza.

"Sina, baba."

"Basi unasimamia nini?"

"Nasimamia kusema sina."

Benchi zikacheka. Zuzi akangoja zinyamaze. "Mwenye hana mulandu, baba, anakaaka ku nyumba."

"Ku nyumba ndiko bamenihukumu."

Zuzi mukubwa akaangalia benchi ya mbele, akaona muzee wa reli, akaona binti, akaona mwandikaji ameinamisha kichwa ku karatasi kama muntu anasali. Hakuwa mujinga. Akamuuliza karani: "Jina hii iko mu mulandu yoyote ya tribinale hii?" Karani akatafuta, akasema haiko. Akageukia bantu: "Na hapa, nani ana mulandu na huyu mwanaume?"

Mushonaji ameanza kupumua. Ndipo nyuma kabisa akasimama baba moja munene.

"Miye, baba. Alinishonea suruali. Tangu Pasaka sijainama."

"Na mbona hukuirudisha?"

"Niliirudisha. Anasema suruali iko sawa, ni miye nimepita mupaka."

Zuzi akawauliza makabila yao. Kumbe ni batani, kabila zinacheziana tangu babu zao, mutani anaweza kukutukana hata ku kaburi ya baba yako na haukasirike.

"Basi ni utani," akasema zuzi.

"Ni utani, baba, lakini suruali ni ya kweli." Na akageuka, akainama kiloko, bantu bajionee. Kitambaa ikalia. Banamuke bakafunika nyuso, kila moja na vidole wazi.

Zuzi wa pili, yule wa sikio moja, hakuwa amesikia kitu, lakini alikuwa ameona. Akapiga meza. "Hii ni mulandu ya haya. Planto, toa bantu, funga mulango."

Nilikuwa tayari pa mulango, mukono yangu ku mbao. Nikamuona mushonaji. Jasho ilikuwa inamutoka chini ya kofia, na alikuwa amesahau kutosha ile kofia ku kichwa. Kama mulango inafungwa, mwandikaji anatoka, na neno yote ya asubui ile inabakia mule ndani na mavumbi. Mwandikaji mwenyewe alikuwa ameanza kukusanya karatasi. Sheria ni sheria, hakuinua hata jicho. Nikangoja zuzi mukubwa.

Yeye akachukua tumbako yake, akanusa, akafikiri.

"Acha wazi," akasema. "Suruali imekwisha kuonekana. Haya imekwisha kutoka inje, tunafungia nini? Karani, andika: huyu mushonaji hana mulandu mu tribinale hii. Suruali ipanuliwe."

Gazeti ikatoka mbele ya sikukuu, na jina, na baba yake, na barza. Na suruali. Padri aliomba ile ya suruali ikatwe, anasema gazeti ya misioni haina suruali ndani. Kijana akamujibu kwa heshima kama wakiikata, haitakuwa tena kikao yenye ilikuwa. Ama yote ama hakuna. Padri akaweka yote. Lubumbashi ilicheka wiki muzima. Bantu banapita ku barza na suruali mu mukono, banasema, "Baba usiye na mulandu, nipanulie miye pia," na mushonaji akapata kazi mpaka akatafuta mashine ya pili. Mujomba wa Kasomeno naye akafika mwishoni, na samaki, akamugombeza mupwa wake mbele ya bantu bote kupita namna zuzi angeweza. Yule wa nyumba mbili alihukumiwa kuchagua nyumba moja na kuomba samahani ku ingine, lakini binti bote bawili bakamukataa, na jina yake ikatoka mu gazeti sawa sheria inataka.

Mushofere wa kamyo hakukaribishwa. Muzee wa reli akatuma neno: mushonaji akuye siku ya Mungu, na bashahidi bake. Tulienda naye, miye na mwandikaji. Waya ilikuwa imetoshwa ku mulango. Kulikuwa bukari, sombe ya majani ya muhogo, kuku muzima, na kiti yenye mugongo ya mushonaji. Gazeti ilikuwa imewekwa ku meza, imekunjwa pale pa jina. Muzee alikuwa na furaha, akatuhadizia ya reli, ya ngombe walilala ku njia ya treni, hadizi ndefu na nzuri, nitaiacha. Kisha akafuta mikono.

"Mwana," akamwambia mushonaji, "nyumba hii imekusamehe."

"Baba, imenisamehe nini?"

"Ile yenye iliandikwa."

"Baliandika sina mulandu."

"Ndiyo. Ile. Tumeisamehe."

Mwandikaji akakohoa. Mushonaji akacheka kiloko, akafikiri ni muzee tu anacheza. Akageukia binti, mwenye alikuwa analeta maji ya kunawa. Binti akaweka beseni mbele yake, hakuondoka. Akamuuliza, pole, lakini tulisikia bote:

"Lakini kweli hakuna nyumba ingine?"

"Uliisoma weye mwenyewe."

"Niliisoma," binti akasema. "Na ile ya kwanza pia niliisoma."

Mushonaji akanawa mikono, kidole kwa kidole. Akashukuru mama wa nyumba juu ya kuku, akasema sombe ilikuwa tamu, na ilikuwa tamu kweli. Akasimama, akachukua kofia ku musumari, akaivaa. Tulizani anaenda inje haja ndogo. Muzee akaendelea na ngombe zake. Nilisikia mulango ya lupango inafungwa polepole, kisha sauti yake mu njia, anaimba, inapita ku nyumba ya pili, ku nyumba ya tatu, inapinda ku bomba ya maji.

"Ameenda wapi?" muzee akauliza. "Kuku ingali."

Hakurudi tena.